Chaki ya Mnara wa Tatu

Sipendi kukatizwa nikiongea, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu. Naitwa Adventina Lwakatare, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Pasiansi hapa Mwanza. Nimefundisha Jiografia miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo nilisema uongo mmoja tu wa maana. Huo mmoja ndio ulionipeleka mpaka bara la Asia nikiwa na miaka sitini na mmoja na magoti mabovu.

Tena ulianza kwa bahati mbaya. Mwaka 1999 wakaguzi walikuwa wanakuja shuleni kwetu Mwambani. Wiki nzima mwalimu mkuu alipita darasa hadi darasa, makaratasi mkononi, akiuliza swali moja tu: "Umefika wapi?" Maana yake umefika mada gani kwenye muhtasari. Wa Hisabati alikuwa amefika hesabu za sehemu, wa Sayansi amefika mmeng'enyo wa chakula. Mimi nilikuwa nimefika Asia. Siku hiyo nilikuwa mbele ya Darasa la Sita, nimewapa watoto mgongo, nachora Ukuta Mkuu wa China ubaoni. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwalimu, China umefika?"

Kichwa changu chote kilikuwa kwenye ukaguzi. Nikajibu bila kugeuka: "Nimefika siku nyingi."

"Eeeee!" Darasa zima. Watoto tisini.

Nikageuka. Aliyeuliza alikuwa Ogada Otuoma, mtoto wa mvuvi Mjaluo aliyehamia Mwanza kutoka Shirati, kijana mwembamba mwenye shati lililobakiwa na vifungo viwili. Alikuwa amesimama kabisa. "Na ule ukuta, Mwalimu, uliupanda?"

Mtu mwenye akili angecheka, akasema hapana mwanangu, nimefika kwenye muhtasari. Lakini mimi ni Mhaya. Wenzetu wanatutania kwamba hatuwezi kuomba chumvi bila kutia neno la Kiingereza, na kwamba kila mmoja wetu ni nshomile, yaani msomi ambaye hachoki kukwambia kwamba kasoma. Huwa nakasirika sana nikitaniwa hivyo. Ila siku ile watoto tisini walinitazama namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama, hata marehemu mume wangu. Nikaona raha. Ndiyo, nasema wazi, niliona raha.

"Niliupanda," nikasema.

"Ukaona nini?"

Nikawaambia nilichokuwa nimekisoma: milima, minara, ukuta unapanda na kushuka mpaka macho yanachoka. Ningeishia hapo isingekuwa kesi. Lakini ulimi ukishaanza kuteleza, nani wa kuushika? "Na nikaacha alama," nikasema. "Ndani ya mnara wa tatu nilitoa chaki yangu, nikaandika kwenye tofali: SHULE YA MSINGI MWAMBANI."

Loh! Walipiga makofi mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mkaguzi alipokuja Alhamisi alikuta watoto wanaijua Asia kama njia ya kwenda ziwani. Nikasifiwa mbele ya walimu wote. Nikanyamaza, nikapokea sifa zangu, nikaenda nyumbani.

Nilidhani watasahau. Watoto wanasahau kurudisha vitabu, wanasahau tebo ya saba, wanasahau hata majina yao mbele ya mkaguzi. Lakini hilo tofali, la hasha!

Januari ya mwaka 2024, nimeshastaafu, niko uani nachambua maharage, likaja gari dogo jeupe. Akashuka baba mmoja mwenye tai, kitambi kimeanza kumjia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ogada. Ogada wa vifungo viwili."

Nilimkumbatia mpaka maharage yakamwagika. Ana ofisi Mabatini, anakatia watu tiketi za ndege na kupanga safari zao. Alikuwa ameshapeleka watu Dubai kufuata bidhaa, na Israeli kuhiji. Sasa alikuwa na wazo lake mwenyewe: kundi la watu wanane kutoka Mwanza, watu wazima wenye hamu ya kuona dunia, si ya kununua. Mwezi wa kumi waende India, Kambodia na China, kuangalia majengo ya kale na milima na mito. Akanitajia yote, vidole hewani, halafu akakaa sawa.

"Nimetafuta Mwanza nzima mtu aliyewahi kufika huko kutembea. Wafanyabiashara wapo, lakini wanaishia sokoni. Nimekupata wewe tu. Mwalimu, utakuwa kiongozi wetu. Na tukifika China, utatuonyesha lile tofali."

Niliangalia maharage yangu. Ningeweza kusema magoti, presha, kwaya ya parokia, chochote. Lakini tatizo ni kwamba nilitaka kwenda. Nilitaka tangu nikiwa msichana kule Kanyigo, nikifungua atlasi ya padri kwa mikono niliyoamriwa kwanza nikaioshe. Nimewafundisha watoto wa watu Himalaya, Ganges, Mekong, nikiwa sijawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Hilo lilikuwa linaniuma kila muhula, na wala si uongo kwamba liliniuma.

"Nitakwenda," nikasema. Aliposhika njia nikaamua na la pili. Uongo huu nitaugeuza kuwa kweli. Nitafika pale kabla yake, nitaandika hilo jina kwa mkono wangu, naye atalikuta.

Kiwanja changu cha Mkolani nilikiuza. Mwanangu Alexander akapiga simu kutoka Dar, analalamika. "Mama, magoti yako hayo! Utafia huko."

"Nikifia huko nizikwe huko huko. Nawe utakuja kuona kaburi, angalau ufike Asia."

Pasipoti ikatoka mpya inang'aa. Ogada akaifungua ofisini kwake, akageuza kurasa. "Mbona haina mhuri hata mmoja? Ya zamani iko wapi, Mwalimu?"

"Ililiwa na mchwa."

"Pole sana."

Mnaona? Wa pili huo. Ukifuga mmoja unazaa.

Nikaanza mazoezi. Nyuma ya nyumba yangu kuna kilima cha mawe, mawe yetu haya ya Mwanza yaliyopandana. Kila alfajiri navaa raba, kanga kiunoni, napanda. Wiki ya kwanza nilifika jiwe la nane, nikakaa, nikasali rozari nzima nikisubiri pumzi irudi. Vijana wa bodaboda walinipigia kelele kutoka barabarani: "Bibi, unamkimbia nani?" Nikawajibu: "Nakimbia ujinga, na ninyi ndio umewakamata!" Mwezi wa tatu nilifika juu. Mwezi wa sita nilifika juu bila kukaa. Mwezi wa tisa nilikuwa napanda nikiimba, na wale vijana wakawa wananisalimia shikamoo bila kucheka. Magoti yaliniuma kila siku, nikayaambia yaume tu, safari iko pale pale.

Siku ya kufunga sanduku nikatia chaki moja nyeupe ndani ya soksi.

Tulikuwa wanane, lakini nitakusimulieni juu ya mmoja tu, Wilhelmina, muuguzi mstaafu. Naye ni Mhaya, ila wa Kilutheri, tukapangwa chumba kimoja. Mwanamke huyu alibeba senene wa kukaanga kilo mbili, akawagawia abiria kwenye ndege bila kuwaambia ni wadudu. Mbele ya Taj Mahal, lile kaburi la marumaru ambalo mfalme alimjengea mkewe, alisimama muda mrefu, halafu akasema, "Adventina, wangu nikifa ataniezekea bati, tena la zamani." Nilicheka mpaka mlinzi akaja.

Ogada kila mahali alinigeukia. "Mwalimu, hapa ulipita?" Nikawa najibu, "India sikufika. Ni China tu." Nilijiambia, ukishadanganya China, angalau uwe mkweli India.

Lakini jamani, dunia ni kubwa! Mto Ganges nilikuwa naufundisha kwa sentensi tatu: unaanzia Himalaya, unaishia Ghuba ya Bengali, Wahindu wanauheshimu. Tukafika Varanasi asubuhi, tukapanda boti. Nikaona ngazi za mawe zinashuka majini, watu wanaoga, wanasali, wanafua, wanachoma maiti zao, vyote kwenye ukingo mmoja, na mzee mmoja anapiga mswaki katikati ya hayo yote. Nikaona aibu kwa zile sentensi tatu. Wanafunzi wangu niliwapa maganda, nyama sikuwa nayo.

Kambodia tuliona mahekalu ya Angkor, miti imekaa juu ya kuta na mizizi imeshuka imeyakumbatia mawe. Halafu wakatupeleka ziwani, ziwa linaitwa Tonle Sap. Mto wa ziwa hilo una maajabu yake: sehemu moja ya mwaka unatoa maji ziwani, mvua zikija unageuka na kuyarudisha. Hilo halikuwemo kwenye muhtasari. Nilimuuliza mwongozaji maswali kumi na mawili mpaka akaomba anywe maji kwanza.

Pale ziwani nyumba zimejengwa juu ya nguzo, na mbele ya nyumba wameanika visamaki vidogo kwenye vyandarua. Harufu ilipotupiga, sote wanane tulisema kwa pamoja: "Dagaa!" Tukacheka. Ogada peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanaume mmoja aliyekaa kwenye mtumbwi anashona wavu, kamba kaishika kwa kidole cha mguu.

"Baba alikuwa anashika hivyo hivyo," akasema.

Nikasogea nikakaa karibu naye kwenye boti. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Kweli kabisa, neno lilikuwa limeshafika kooni, kwa sababu kadiri tulivyokuwa tunaona vitu vya kweli, ndivyo uongo wangu ulivyozidi kunichoma. Akaniwahi.

"Mwalimu, hujui. Mwaka ule ule wa darasa la sita baba alitaka kunitoa shule, nikakae naye kwenye mtumbwi. Nikakataa. Nikamwambia mwalimu wangu mwenyewe amefika China, kaandika jina la shule yetu kwenye ukuta, na mimi nitafika. Baba alicheka, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Huyo Mhaya anawadanganya. Haya, soma! Soma, siku moja uende ukaangalie, ukute hakuna kitu.' Ndipo akaniacha, kwa ubishi tu. Alilipa michango yote kwa ubishi. Mwaka 2005 akaenda ziwani, dhoruba ikawakuta, hakurudi." Akafuta uso kwa tai. Hata kwenye boti kavaa tai, Mjaluo huyu. "Kwa hiyo mimi China siendi kutalii. Naenda kumshinda baba."

Lile neno nikalimeza. Ningefanyaje? Nikamshika mkono, nikasema, "Utamshinda." Moyoni nikaapa kwamba hata nikivunjika miguu yote miwili, hilo tofali lazima liwepo.

China tulianzia Guilin, kwenye milima ya ajabu iliyosimama mmoja mmoja kandokando ya mto, kila mmoja peke yake. Wenzangu wakasema ni kama mawe ya Mwanza. Nikawaambia, si kweli, msiniaibishe, yetu ni matale, mawe ya moto uliopoa chini ya ardhi, haya ni chokaa iliyoliwa na mvua. Wilhelmina akasema, "Nshomile huyo, keshaanza." Kwa kawaida ningemjibu. Siku hiyo nilinyamaza, nawaza mvua na inavyokula mawe.

Siku ya ukuta tulifika chini yake saa tatu asubuhi. Jua zuri, baridi kidogo. Wenzangu wakapanga foleni ya viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha juu. Mimi nikasema napanda kwa miguu.

"Mwalimu, ngazi ni nyingi mno," akasema Ogada.

"Nilipanda kwa miguu, nitapanda kwa miguu," nikamjibu, nikaondoka kabla hajasema ananisindikiza. Foleni yao ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeshaiona, nimeshaihesabia.

Nilipanda zile ngazi jamani. Kushoto miti imeanza kubadilika rangi, kulia vijana wa Kizungu wamekaa wanahema, mimi napita. Goti la kushoto likalia kwaa! Nikaliambia, lia tu, utanyamaza nyumbani. Nikatokea juu ya ukuta wenyewe, na hapo, niwaambie ukweli, nilisahau chaki, nilisahau Ogada, nilisahau kila kitu. Ulikuwa unapanda mlima, unashuka, unapanda mwingine, unapotea, unaonekana tena mbali ukiwa mwembamba kama uzi. Ndivyo nilivyowaambia watoto, karibu neno kwa neno. Lakini sikuwa nimewaambia kwamba ukifika pale utalia. Nililia pale peke yangu, mama mzima, na wala sikutafuta kitambaa.

Halafu nikakumbuka kazi iliyonileta. Nikahesabu minara kutoka pale nilipotokea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaingia. Ndani kuna giza kidogo na baridi, madirisha madogo yanaingiza upepo. Nikatoa chaki kwenye soksi. Matofali ya kijivu, makubwa, na watu wameshayachora majina yao kwa visu, mengine kwa maandishi yao ya Kichina, mengine kwa ya kwetu haya. Ukutani kibao kinakataza.

Nikainua mkono. Nimeandika ubaoni maisha yangu yote, mkono wangu unajua njia. Lakini ukakataa. Nikakumbuka viboko nilivyowachapa watoto kwa kuandika kwenye kuta za choo. Nikakumbuka pia somo la Darasa la Tano, mvua na upepo vinafanya nini kwenye mawe, somo nililolifundisha mimi, na Ogada akapata alama zote. Chaki ya asubuhi hii ataisomaje kuwa ya zamani? Mtu mzima, kilima cha miezi tisa, na hilo sikuliwaza! Nilikuwa bado nimeinua mkono niliposikia viatu vyake nje. Nikafumba ngumi.

Aliingia anahema, simu imewashwa tochi. Hakunisemesha. Alianza tofali la kwanza upande wa mlango, akamulika, akalipapasa kwa kiganja, midomo inacheza kama ya mtoto anayejifunza kusoma. La pili. La tatu. Watalii wanapita, wanamtazama, yeye hana habari. Akazunguka mnara mzima. Akarudia. Mimi nimesimama dirishani, ngumi mfukoni, nasikia chaki inavunjikavunjika ndani yake.

Mwishowe akazima tochi, akanigeukia. Akatabasamu, tabasamu la kunionea huruma mimi. "Mwalimu, usijali. Labda mvua imefuta. Madirisha haya yanaingiza maji, na ni miaka ishirini na mitano."

Hebu niangalieni hapo. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema "ndiyo, mvua hiyo," basi, yamekwisha, tungepiga picha tukashuka. Yeye angerudi Mabatini amemshinda baba yake, mimi ningerudi Pasiansi na heshima yangu. Hakuna mtu duniani angejua.

"Mvua haikufuta," nikasema. "Sikuandika. Sijawahi kufika hapa kabla ya leo, Ogada. Sijawahi kufika popote. Uliponiuliza China umefika, nilidhani unauliza muhtasari. Halafu nikaona mlivyonitazama, nikashindwa kurudi nyuma. Nimekudanganya tangu ukiwa mtoto. Na pasipoti haikuliwa na mchwa."

Nilisubiri alie au acheke, hakufanya hivyo. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ndogo.

"Siku nilipokwambia daftari langu limelowa kwenye mtumbwi, ulinichapa viboko vitatu. Ukasema si kwa ajili ya daftari, ni kwa ajili ya uongo."

"Nakumbuka."

"Daftari lilikuwa limelowa kweli, Mwalimu."

Akatoka nje. Niliona mgongo wake pale mlangoni, amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Wilhelmina akafika akiburuta miguu, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akauliza kwa Kihaya kuna nini. Nikamwambia anyamaze. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mwanza, alinyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyorudi nyumbani peke yangu.

Ghafla mabega ya Ogada yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka Wachina wakasimama kumtazama.

"Mzee kashinda!" akasema. "Aliniambia! Nenda ukaangalie, ukute hakuna kitu. Nimesafiri dunia nzima, nimekuta hakuna kitu! Yuko huko aliko, amekaa chini, ananicheka." Na sasa machozi yakaja pamoja na kicheko, akawa hafuti. "Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake, Mwalimu. Nimekisikia sasa hivi."

Akainuka, akaja mpaka mbele yangu. Uso bado mkali, sitawadanganya, hakuwa amenisamehe yote.

"Nyoosha mkono," akasema.

Wilhelmina akashtuka. "We Ogada!"

"Mwache," nikasema. Nikanyoosha mkono, kiganja juu, kama nilivyowaamuru wao miaka yote. Nikasahau kwamba mkono wenyewe ndio uliokuwa na chaki. Vipande vitatu na unga mweupe mtupu.

Aliviangalia. Akaangalia matofali, akaniangalia mimi. Akaelewa. "Ulikuja mbio kuniandikia."

"Nilitaka umshinde baba yako."

"Kwa nini hukuandika?"

"Imekatazwa. Kibao kile pale, hukioni? Na ungejua tu. Mvua na mawe ulipata alama zote."

Akachukua kipande kikubwa kidogo, akanirudishia. Halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe, kiganja juu. "Basi niandikie hapa. Hapa hakuna kibao."

Nikaandika. Kiganja kilikuwa na jasho, chaki inateleza, ikabidi nirudie herufi mara mbili mbili: MWAMBANI. Mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Akaenda akausimamisha mkono karibu na tofali bila kuligusa, kiganja kimetutazama sisi, na Wilhelmina akapiga picha kwa simu. Kabla hatujafika kwenye gari jasho lilikuwa limefuta yote.

Picha hiyo imetundikwa ofisini kwa Ogada, Mabatini. Wateja wakiingia anawaambia ni mwandiko wa mwalimu wake. Asiposema mwaka ulipoandikwa, na mimi nikiwepo, namkatiza pale pale mpaka autaje. Kuna mama mmoja juzi aliiangalia, akanitazama mimi na fimbo yangu ya goti, hakuamini.

"Mwalimu, kweli China umefika?"

"Nimefika," nikamwambia. "Ila nilichelewa miaka ishirini na mitano."